Siku saba na mkoba wa barua

Siku ya kwanza, Bukavu. Jumatatu, 7 Agosti 2023

Mkoba ni wa turubai, rangi ya majivu, na mkanda wake umeshonwa upya mara mbili. Asubuhi hii una barua 23. Nimezihesabu mbele ya Mzee wa ofisi yetu ya Msalaba Mwekundu, naye akazihesabu tena kwa kidole chenye wino, kisha sote wawili tukatia sahihi daftarini. Zinakwenda Kavumu, Katana, Kalehe, Minova na Goma, ukanda wa Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, na kila moja ina jina la mtu ambaye ndugu zake hawajui kama yu hai.

Anayeiona barua ya Msalaba Mwekundu kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba haina bahasha. Ni karatasi moja tu. Upande mmoja huandikwa majina: la mwandishi, la baba yake, la mama yake, kijiji alichozaliwa na mahali anapoishi sasa, kisha hayo hayo ya anayeandikiwa. Kwetu watu mia wanaweza kuitwa jina moja, kwa hiyo jina la mama ndilo linalomtenga mtu na wenzake. Upande wa pili ni habari, na habari ni za nyumbani peke yake: nani kaoa, nani kazaa, nani mgonjwa, shamba lingalipo au limeuzwa. Mambo ya askari, ya siasa, ya barabara gani imefungwa, hayaingii. Karatasi inaachwa wazi ili mwenye bunduki yeyote atakayeikunjua njiani asikute kitu cha kumhusu.

Kazi hii ya kutafuta watu ni ya zamani. Wafaransa na Waprusi walipopigana mwaka 1870, ofisi ilifunguliwa Basel, Uswisi, kuorodhesha wafungwa na majeruhi ili nyumbani kwao wapate habari. Vita vya 1914 vilipoanza, kazi ikahamia Geneva, na hadi vita vinakwisha kulikuwa na kadi zipatazo milioni 7, zote zimeandikwa kwa mkono au kwa taipureta. Sisi Bukavu tuna makabati mawili ya chuma na simu moja, lakini swali tunalouliza ni lilelile: huyu ni nani, ana nani, na yuko wapi.

Mimi niliijua barua hii kabla sijajua kusoma vizuri. Oktoba 1996 vita vilipoingia Bukavu, baba alikuwa kwenye biashara zake upande wa Shabunda. Sisi tulikimbilia Walungu na mama. Miezi kumi na minne mama hakujua kama yeye ni mke au ni mjane. Siku moja, tumesharudi mjini, kijana mwenye jile nyeupe, yaani kizibao, alisimama mlangoni akaita jina la mama yangu, akalifuatisha na jina la bibi, na mama akakaa chini palepale kwenye vumbi kabla hata ya kunyoosha mkono. Baba alikuwa ameandika mistari minne. Mmoja ulisema: usiuze cherehani, ninarudi. Mama alikuwa ameshaipatia mteja.

Kabla hatujaondoka, Mzee alikuwa na vijana sita wapya wa mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilikaa nyuma kumsikiliza, ingawa hadithi yenyewe naijua. Aliwaeleza Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, aliyejikuta Solferino, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Juni 1859, jioni ya vita vilivyoacha maelfu ya majeruhi uwanjani bila mtu wa kuwapa hata maji. Lakini Mzee hakai sana kwa Dunant. Anakaa kwa wanawake wa Castiglione, mji wa jirani, waliofungua kanisa lao wakawaingiza askari wa pande zote mbili, wakisema "Tutti fratelli", sote ni ndugu. "Hawa ndio ninyi," anawaambia vijana. "Dunant alikuwa mgeni, yeye aliandika. Hawa walikuwa wenyeji, wao walifua bandeji." Kamati ya Geneva, ndiyo mwanzo wa Msalaba Mwekundu, ilifuata mwaka 1863, na mkataba wa kwanza wa kuwalinda majeruhi wa vita mwaka 1864.

Sehemu ya Kongo pia haifichi. Msalaba Mwekundu wa kwanza kutajwa kwa jina la nchi hii uliundwa mwishoni mwa miaka ya 1880, chini ya mfalme Leopold II, ukiwahudumia kwanza Wazungu waliokuwa wakifa huku kwa homa, na wakati huohuo watu wetu waliteswa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Baadaye ukawa tawi la Wabelgiji. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, waganga wengi wa kigeni wakaondoka kwa pupa, nchi ikabaki karibu haina madaktari wake yenyewe, na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi nyingi vikatuma watu kushika mahospitali. Wakongomani wakaanza kujenga chama chao wenyewe katika msukosuko huohuo.

Kisha anawataja watatu. Desemba 1961, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa Georges Olivet na wajitoleaji wawili, Nicole Vroonen na Styts Smeding, waliuawa wakiwa na gari lao la wagonjwa lenye msalaba. Mzee huyataja majina yote matatu polepole, na kuwataka vijana wayarudie. Halafu huwaonyesha jile yake mwenyewe: "Hiki ni kitambaa. Kinakulinda kama pande zote mbili zimekwisha kufundishwa maana yake. Kama hazijafundishwa, ni kitambaa tu."

Siku ya pili, Bukavu hadi Kalehe

Tumeondoka alfajiri. Gari liko kazini upande wa Uvira, kwa hiyo tumepanda basi dogo la abiria hadi Kavumu na kutoka hapo pikipiki. Nasafiri na mwenzangu wa Kadutu ninayemwita Yaya, kama sisi Bukavu tunavyomwita mkubwa wetu, awe mume au mke. Ana miaka kumi na tisa ya kujitolea. Riziki yake ni kunyoa, na kibanda chake cha kunyolea leo kimefungwa.

Ni kiangazi, na vumbi la barabara ya Kavumu linaingia mpaka kwenye meno. Miti, Kavumu, uwanja wa ndege, halafu Katana. Kavumu barua ya kwanza imeshindikana. Nyumba ipo, mwenyewe hayupo, na jirani anasema alihama Februari bila kuaga. Nimeandika hivyo kwenye karatasi, kwa kalamu, pamoja na tarehe, na itarudi kwa aliyeituma. Hata hilo ni jibu, japo linauma.

Katana tumempata bibi mmoja mwenye mjukuu Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alikuwa anatwanga. Nikauliza jina lake, jina la mama yake, akajibu huku akitwanga bado, kisha mchi ukasimama hewani. Hakutaka nisome mpaka majirani waje. Wakaja kumi na wawili, wakakaa, ndipo nikasoma kwamba kijana anaishi, ana mke, amefungua duka la kuchaji simu, na anauliza kama jino lililokuwa likimsumbua bibi liling'olewa. Bibi akafungua mdomo akawaonyesha wote pengo.

Jibu lake nimeliandika mimi, yeye akisema. Hilo ndilo sharti: unaandika neno analosema mwenyewe, si unaloliona wewe zuri. Alitaka niandike "nimezeeka" mara tatu, nikaandika mara tatu.

Kalehe tumefika jua likiwa limezama nyuma ya milima. Upande wa ziwa, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, walikuwa wanatoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakiimba. Yaya alisikiliza akiwa amesimama, hakula mpaka sauti zikapotea.

Siku ya tatu, Bushushu na Nyamukubi

Alhamisi tarehe 4 Mei mwaka huu, mvua ilinyesha juu ya milima hii mpaka mito ikaacha njia zake. Ilibeba mawe makubwa kuliko vyumba ikayasukuma hadi ziwani kupitia Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliozikwa walizidi 400, na wasioonekana ni wengi zaidi.

Leo mawe bado yako palepale, meupe, mapya, kama meno. Ukiuliza nyumba ya fulani unaonyeshwa jiwe. Migomba imeanza kuota pembeni, na watoto wanachunga mbuzi juu ya kitu ambacho zamani kilikuwa barabara.

Mwenyeji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi na mjitoleaji wa kamati ya hapa. Mei alimzika wifi yake kabla ya kuanza kuwazika wengine. Watu wakisikia "Msalaba Mwekundu" wanafikiri ndege na magari meupe. Siku ile Msalaba Mwekundu ulikuwa yeye, wanafunzi wake wa zamani, wavuvi, fundi seremala mmoja, wenye glovu chache na machela za mianzi. Waliokota watu waliowajua kwa majina. Yaya na wenzake wa Bukavu walifika wakawakuta wamekwisha kuanza.

Mifuko ya maiti haikutosha, wakatumia blanketi. Mashimo yalikuwa makubwa, ya watu wengi pamoja, na hapo ndipo mwalimu huyu alipogombana na watu. Kila mtu alikuwa anasema: harakisheni, harakisheni, maiti zitaleta magonjwa. Yeye alikuwa amefundishwa vingine. Mtu aliyekufa kwa mafuriko hakufa kwa maradhi, na mwili wake hauanzishi mlipuko; kipindupindu na Ebola ni habari nyingine. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumfukia mtu kabla hujaandika alikuwaje. Alisimama pembeni ya shimo na daftari la mwanafunzi, akakataa mwili usishuke kabla hajauandika.

Ametuonyesha daftari hilo. Lina madoa ya matope yaliyokauka. Kwa idhini yake nanakili mstari mmoja:

"Mwanamke, miaka kama 30. Kitenge cha bluu chenye samaki. Uzi mweusi kifundo cha mguu wa kushoto. Ameonekana kwenye mchanga wa ziwa, chini ya soko. Safu ya pili, wa saba kutoka mparachichi."

Kurasa zote ni hivyo. Mwanamume, jino la mbele limekatika. Mtoto wa kike, shanga nyekundu kiunoni. Mzee, mkanda umefungwa kwa kamba ya katani.

Mwezi wa sita alikuja mwanamume kutoka kisiwa cha Idjwi. Alikuwa amezunguka zahanati zote za ukanda huu akimtafuta dada yake. Mwalimu alimketisha akaanza kumsomea daftari tangu ukurasa wa kwanza. Kitenge cha samaki hakikumshtua, maana vitenge vya samaki viko vingi. Uzi ndio uliomsimamisha. Aliomba asomewe tena. Halafu akataka kupelekwa kwenye mparachichi, wakahesabu pamoja, moja, mbili, mpaka saba. Sasa pale pana kijiti chenye jina. Nimekiona. Jina limechomwa kwa chuma cha moto, na herufi ya mwisho imepinda kwa sababu kijiti ni chembamba.

Tulikuwa na barua tatu za hapa. Mbili zimefika. Ya tatu ilikuwa ya kaka aliye Kindu akimwandikia dada yake wa Nyamukubi, na dada alikuwa sokoni siku ile. Kila mtu anajua. Habari ya kifo hatuiandiki kwenye karatasi hii. Inapelekwa kwa mdomo, na mtu aliyekaa chini, kwa mtu aliyekaa chini. Kwa hiyo jioni Yaya amepiga simu kwa wenzetu wa Kindu, wao watakwenda nyumbani kwake kesho. Alizungumza nao kwa muda mrefu akiwaeleza dada alipozikwa, safu gani, upande gani wa mti, ili kaka akiuliza wasibabaike.

Usiku sikulala vizuri. Mto unasikika, mdogo tu, unapita kati ya mawe kama kwamba haujawahi kufanya kitu.

Siku ya nne, Nyabibwe hadi Minova

Barabara mbaya, pancha moja, barua nne zimefika. Minova tumekula sambaza za kukaanga na bugali kwa mama mmoja anayewauzia wapita njia, nikalala saa mbili usiku.

Siku ya tano, Minova hadi Bulengo

Tumepita Bweremana na Sake, vizuizi vingi. Kwenye kimoja askari alifungua mkoba, akachukua barua ya juu, akasoma yote, midomo ikicheza. Ilihusu mbuzi aliyezaa mapacha. Akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha, akatwambia njia njema.

Tangu mwaka jana, mapigano ya Rutshuru na Masisi yamewasukuma watu Goma na pembezoni mwake. Bulengo ni upande wa Sake, karibu na ziwa: vibanda vya bashi nyeupe, yaani turubai, vimeinama juu ya mawe ya volkano, vimebanana mpaka kamba za kimoja zinafungwa kwenye kingine. Mawe haya yanakata viatu. Kuna vibonde ambamo hewa mbaya hutoka ardhini, ile tunayoiita mazuku, haina rangi, inaua mbuzi na mtoto aliyelala chini, na wenyeji wanapaswa kuwaonyesha wageni wasijenge humo.

Kipindupindu kimekuwa kikizunguka makambi haya. Ufukweni nilikaa karibu saa nzima nikimtazama msichana mmoja mjitoleaji, labda miaka ishirini, kwenye kituo cha klorini. Watoto wanapanda kutoka ziwani na bidoni za njano za lita 20. Kila anayefika, anafungua kifuniko. Msichana anavuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano, anaitazama usawa wa jicho, anaimimina, anafunga, anaigeuza bidoni mara mbili, anasema: "Mungoje nusu saa mbele ya kunywa." Kisha mwingine. Kisha mwingine. Hajaruka neno hata kwa mtoto aliyemwona asubuhi. Nimeona hotuba nyingi juu ya misaada katika miaka yangu kumi na moja ya kujitolea, na sijaona nzito kama ile sirinji inayoinuliwa usawa wa jicho kwa bidoni ya mia mbili sawasawa na ilivyoinuliwa kwa ya kwanza.

Barua niliyoibeba kwa moyo mzito kuliko zote ni ya hapa. Imetoka kwa mzee anayeishi Panzi, kwetu Bukavu, nyumbani kwa mtoto wake wa kiume, na inakwenda kwa binti yake. Binti huyo aliolewa Kitshanga, na Kitshanga iliposhambuliwa Januari simu yake ikanyamaza. Mzee alituletea jina la binti, la mama yake, kijiji, na jina moja la utani la utotoni ambalo alisita kulitaja mbele yangu. Tumepita kwa wakuu wa bloku mmoja baada ya mwingine. Tumeita jina kwenye foleni ya maji. Wanawake wawili walijitokeza wenye jina hilo, na wote wawili jina la mama halikulingana. Mmoja wao aliniuliza kama basi nina barua nyingine yoyote, hata isiyo yake, nimsomee tu. Sikuweza, si yake. Nilikaa naye kidogo nikaandika ya kwake, kwa mama yake aliyebaki Mweso.

Giza likaingia hatujampata.

Siku ya sita, Goma na tena Bulengo

Asubuhi tulikwenda kuripoti kwa wenzetu wa Goma. Hapo kuna mama mmoja aliyeanza kujitolea mwaka 1994, na wote wanamwita Mama Mkubwa. Nilimwomba anieleze ilivyokuwa, akanipeleka nje akapiga ardhi kwa kisigino. "Sikiliza," akasema. Mlio wa jiwe.

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, wakaribia milioni. Kipindupindu kikaingia nao, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Goma huwezi kuchimba kaburi kwa jembe. Chini ni lava. Miili ililala kando ya barabara imeviringishwa kwenye mikeka, na wajitoleaji wa mji waliipakia kwenye malori siku nzima mpaka mashine za kupasua mawe zilipofika. "Hatukuandika majina," Mama Mkubwa anasema. "Hatukuwa na wakati, hatukuwa na daftari, hatukujua kama ni kazi. Watoto waliobaki peke yao tuliwaandika, kwa maelfu. Wafu hatukuwaandika." Nilimweleza habari za mwalimu wa Nyamukubi na mparachichi wake. Aliniuliza mara mbili ni safu ya ngapi.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata mji katikati hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, usiku, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye mkuu wa jimbo akaamuru mitaa mingi ihame, na mji ukamwagika kuelekea Sake, Rutshuru na ng'ambo ya Rwanda. Katika msukumano huo mamia ya watoto walipoteana na wazazi wao. Mama Mkubwa aliwapata wengine kwa kuwauliza kitu kimoja: nyumbani kwenu asubuhi unasikia nini? Mmoja alisema mashine ya kusaga na kengele ya Wakatoliki. Akampeleka mpaka mtaa wake bila kuuliza zaidi.

Na kati ya hayo ilikuwapo Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, ikatangazwa kwisha 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa kati ya 3,470 walioambukizwa. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza kweli, kwa hiyo hapa haraka ilikuwa na sababu, na kazi ya kuzika ilipewa timu za Msalaba Mwekundu. Mwanzoni watu waliona viumbe vyeupe visivyo na nyuso vikibeba mama zao ndani ya plastiki. Wakarusha mawe, na wajitoleaji walijeruhiwa. Ninawaelewa waliorusha, na ninawaelewa waliorudi kesho yake. Kilichobadili mambo, anasema, ni vitu vidogo: kuvaa zile nguo mbele ya familia badala ya kushuka nazo kwenye gari, ili waone chini yake kuna kijana wa mtaa, kumwacha ndugu mmoja asimame kwa umbali salama aone, kuweka kitenge alichokipenda marehemu ndani ya jeneza, kumtaja jina lake kwa sauti wakati wa kumshusha.

Tulikuwa bado tunazungumza simu ya Yaya ilipolia. Mkuu wa bloku mmoja wa Bulengo. Binti ameandikishwa kwa jina la mume, na jana alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Amesikia usiku kwamba kuna watu walikuwa wanaita.

Alikuwa mbele ya kibanda chake, mtoto mgongoni. Nilimuuliza jina. Sawa. Jina la mama. Sawa. Kijiji. Sawa. Nikamuuliza kama alipokuwa mdogo kulikuwa na jina walilomwita nyumbani. Akaniangalia kwa hasira, karibu ya chuki. "Hilo anayelijua ni baba," akasema. "Na baba alikufa njiani. Tuliambiwa." Nikamwambia alitaje. Akalitaja. Nikageuza karatasi nikamwonyesha limeandikwa.

Hakulia. Alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akamshika mbele yake kana kwamba anamwona upya. Ni wa kiume, amezaliwa hapa kambini mwezi wa nne. Amempa jina la baba yake, kama mtu anavyompa mtoto jina la babu aliyekwenda.

Jibu limejaa ukurasa wote. Ametaja kila aliye naye, mmoja mmoja, kwa jina na afya: mume yu mzima ila anakohoa, wa kwanza hasomi sasa, wa pili amepoteza meno mawili ya utoto. Mtoto mchanga alimweka mwisho. Nafasi ikawa imekwisha, akasema nisiache, nikaandika jina lake ukingoni, wima, kuzunguka kona. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha chini ya karatasi.

Siku ya saba, ziwani na Panzi

Tumerudi kwa boti. Mkoba una barua 14 za kurudi na nne zisizompata mwenyewe. Ziwa lilikuwa shwari, Yaya amelala njia nzima, kichwa kwenye jaketi ya kuokolea.

Mzee wa ofisi amehesabu, nimetia sahihi. Nilimwomba ruhusa ya kupeleka moja leo hii, akaniangalia viatu, vilivyokatika kwa mawe ya Bulengo, akasema nenda.

Baba wa Panzi alikuwa kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage. Aliniona nikipanda ngazi za udongo na jile yangu, akaacha kuchambua. Nikamsalimu. Nikakaa chini, kwenye mkeka, kwa sababu ndivyo tunavyofanya siku zote, nikaona uso wake unabadilika, kwa maana yeye pia amekwisha kusikia jinsi tunavyokaa. Nikafanya haraka nikatoa karatasi nikampa mkononi.

Hajui kusoma. Aliigeuza, akaona kidole gumba cha zambarau, akakiwekea kidole gumba chake juu.

"Ni yeye mwenyewe aliyebonyeza?"

"Ndiyo, Papa. Mbele yangu, jana."

Nilianza kufungua miwani. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Ngoja, binti yangu. Mama yake yuko sokoni Panzi na nyanya zake, anarudi saa kumi. Tutasikia pamoja."

Ilikuwa saa nane na nusu. Akasogeza ungo katikati yetu, tukachambua maharage, na karatasi ilikuwa magotini pake, jina la mjukuu likipanda ukingoni mahali ambapo macho yake yalipita mara nyingi bila kulijua.